Ukweli si Uhalisi: Swali la Pembizoni mwa Ukurasa

Rasimu ya sura ya tatu ya tasnifu yangu ilirejea kutoka kwa msimamizi ikiwa na sentensi moja iliyozungushiwa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika kwamba mwandishi ninayemchunguza "anasema ukweli kwa kuwa anaakisi uhalisia wa jamii yake". Pembizoni msimamizi alikuwa ameandika maneno matatu: "Ni kitu kimoja?"

Sitaficha kwamba nilikereka. Sentensi za namna hiyo nimezisoma katika miongozo ya fasihi tangu shule ya upili, nikazinakili katika mitihani na kupewa alama kwa ajili yake. Hata hivyo, nilipoipitia rasimu nzima nilikuta kwamba neno "uhalisia" nimelitumia mara 41, na mara nyingi kati ya hizo ningaliweza kuandika "ukweli" mahali pake na asipatikane msomaji wa kuiona tofauti. Neno linaloweza kuondolewa na jingine likawekwa pasi na chochote kubadilika, ama halina kazi, ama anayelitumia haijui kazi yake. Kwangu mimi ilikuwa hili la pili.

Makala haya yamezaliwa na swali hilo la pembizoni. Sidai kuwafundisha wahadhiri wetu falsafa. Ninatoa maoni tu kwamba sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumeyachanganya mambo mawili, na kwamba mchanganyo huo unatugharimu katika uhakiki na nje ya uhakiki pia.

Tuanze na maneno yenyewe. "Halisi" tumelipata katika Kiarabu, na asili ya maana yake ni kitu safi, kisichotiwa kingine ndani yake. Ndiyo maana tunasema asali halisi na dhahabu halisi. "Kweli" ni neno letu la Kibantu, na aghalabu halikai juu ya vitu bali juu ya maneno. Atakayetaka kunipinga atanitajia "rafiki wa kweli". Nakubali, lakini rafiki wa kweli ni nani ila yule ambaye vitendo vyake havimsuti kwa aliyoyasema? Ama "uhalisia", hilo tumelibebesha mizigo miwili: ni jina la mkondo wa fasihi uliotufikia kutoka Ulaya, na papo hapo ni jina la hali ya mambo jinsi yalivyo. Katika makala haya nitauachia mkondo jina la uhalisia, na hali ya mambo nitaiita uhalisi.

Uhalisi hauhitaji msemaji. Maji yalijaa na kupwa kandokando ya kisiwa cha Mvita kabla hajazaliwa mtu wa kulisema hilo, nayo yataendelea kujaa na kupwa akiwapo au asiwepo. Ukweli hauwi hivyo. Ili uwepo, lazima awepo mtu wa kuusema, na kwa kuwa yupo aliyeusema, yupo pia wa kuulizwa. Aristotle alikwisha kuona zamani kwamba kweli hupatikana pale usemi unapolingana na kilichopo. Lugha yetu nayo inalijua jambo hili bila ya kufundishwa na Mgiriki: tunaye "msema kweli", lakini hatuna "msema halisi".

Mimi nimelelewa Makadara, mtaa ambao wageni hupita kandokando yake wakiukimbilia Mji wa Kale. Ni mtaa unaohusishwa sana na Mabulushi, ambao wazee wao walikuja Mombasa wakiwa askari wa watawala wa Kiomani. Juu ya jina la mtaa husimuliwa habari nyingi, na ile niliyokulia nayo yasema kwamba jina latokana na "kadari", yaani majaaliwa ya Mungu, kwa kuwa wageni hao walifikishwa hapo na kadari wala si na hiari yao. Nyanya yangu ameisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara huanza kwa namna moja: "Mama ndiye alonihadithia." Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza, nikiwa na ile jeuri ya mtu aliyesoma vitabu vitatu, nilimwuliza, "Lakini nyanya, ni kweli?" Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mimi sikuwako, mjukuu wangu. Nakupa nilivyopawa."

Wakati ule nililichukua jibu hilo kuwa ni kukwepa swali. Leo naona kwamba kikongwe yule alikuwa makini kuliko miongozo yangu yote ya fasihi. Hakudai uhalisi wa jambo asiloliona. Alidai kitu kidogo zaidi, ambacho angeweza kukibeba mwenyewe: kwamba habari hii ameisikia, ameisikia kwa fulani, na anaifikisha kama alivyoisikia. Hapo pana ukweli hata kama kesho atatokea mwanaisimu wa kuthibitisha kwamba jina Makadara lina asili nyingine kabisa. Wanazuoni wa Hadithi wana elimu nzima ya kuchunguza sanadi, yaani mlolongo wa wasimulizi, kabla ya kuipokea habari yenyewe. Sisi wa fasihi simulizi twakusanya ngano na visasili, kisha twaandika "jamii inaamini kwamba". Jamii ipi? Nani aliyesema, na alimsikia nani?

Kutoka Makadara hadi Ngome ya Yesu si mbali, nami huwapeleka kwa miguu wenzangu wa bara wanapokuja kunitembelea. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Juu ya lango lake pana maandishi ya Kireno yanayotaja mwaka 1635, nayo yamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni aliyepewa cheo hicho akiwa na umri wa miaka 27. Yatwambia kwamba aliijenga upya ngome, akaitiisha pwani, akaziadhibu Pate na Siyu kwa kuzibomoa kuta zao. Yamtaja pia, kwa kumpitia tu, mfalme dhalimu ambaye kwaye pwani ilikuwa imeasi.

Mfalme huyo ni Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia bara upande wa Rabai na kuuawa huko mwaka 1614, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto naye alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 alirejeshwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo chini ya wale wale walioshiriki katika mauti ya babake. Mnamo Agosti 1631, baada ya kapteni Pedro Leitão de Gamboa kupata habari kwamba mfalme huyu huonekana akisali Kiislamu penye kaburi la babake, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni na kuiteka ngome. Wareno wa mjini waliuawa, pamoja na Wakristo wengine waliokataa kusilimu. Mwaka uliofuata Wareno walikuja kumzingira, wakashindwa. Yusuf akaihama ngome mwenyewe, akawa mharamia wa baharini, na akafa upande wa Bahari ya Shamu mwaka 1638.

Mengi tunayoyajua juu ya siku zile yametokana na ushahidi uliotolewa kwa kiapo mbele ya Kanisa huko Goa, pale ilipochunguzwa kama waliouawa wanastahili kutambuliwa kuwa waliifia dini. G.S.P. Freeman-Grenville aliuchapisha ushahidi huo mwaka 1980. Kiswahili hapa kinatupa jambo la kutafakari, kwa kuwa aonaye na kusema ni shahidi, na afaye kwa ajili ya dini yake naye ni shahidi. Kule Goa mashahidi waliletwa kuwashuhudia mashahidi.

Sina sababu ya kudhani kwamba walioapa walisema uongo. Walikuwa watu waliofiwa, na waliyoyaeleza yalikuwa na uzito wake. Lakini hakuna aliyekwenda kumwapisha mtu wa Mombasa aliyesimama upande wa Yusuf amweleze kapteni alikuwa mtu wa namna gani, au miaka ile 17 tangu kuuawa kwa Sultani Hasan ilipitaje mjini. Kila neno lililosemwa Goa laweza kuwa kweli, na bado jumla ya maneno hayo ikawa ndogo mno kuliko jambo lenyewe lililotokea. Hili ndilo lililonishtua nilipolifikiria. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba adui wa ukweli ni uongo, basi. Kumbe maneno ya kweli, yakichaguliwa na upande mmoja, yaweza kuuziba uhalisi kama ukuta wa mawe ya matumbawe.

Siku hizi twapenda kumsimulia Yusuf kuwa shujaa wa ukombozi, nami moyo wangu huelekea huko. Mtoto aliyeuliwa baba, akapewa jina la wageni, kisha akarudi kulichukua lake: nani asiyemwonea imani? Ila msimulizi wa habari hii akinyamaza kwamba miongoni mwa waliouawa walikuwamo wanawake na watoto, basi naye amechonga jiwe lake na kulitundika langoni, tofauti ni lugha tu.

Na kuna jambo ambalo halimo katika jiwe wala katika ushahidi. Mtu huyu aliishi Mombasa miaka mitano akihudhuria misa mchana na, kama walivyosema waliomchongea, akizuru kaburi usiku. Yupi alikuwa halisi, Jerónimo au Yusuf? Tukikumbuka kwamba halisi ni kisichochanganywa, pengine hakuna. Alikuwa mchanganyiko wa mambo ambayo hakuyachagua. Haya hayana hati. Hapa ndipo fasihi inapoingia kazini, na ndipo sentensi yangu ile ya rasimu ilipokosea zaidi.

Tuseme atokee mwandishi wa riwaya auandike usiku mmoja wa Yusuf penye kaburi la babake. Kila neno atakaloliandika atakuwa amelibuni. Kwa kipimo cha "kuakisi uhalisia" kazi yake haina cha kuakisi, kwa kuwa hakuna aliyeuona usiku huo. Je, kazi hiyo haiwezi kuwa kweli? Naamini yaweza, na yaweza pia kuwa ya uongo. Mtunzi hatuambii kwamba jambo hili lilitokea. Anatuambia kwamba binadamu akiwekwa mahali hapa, na historia hii mgongoni, hufikiri hivi na kutenda hivi. Hilo ni dai kamili, nalo lapimika, maana msomaji naye ni binadamu na ana moyo wake wa kupimia. Riwaya ikimfanya Yusuf asiwe na chembe ya kusita, tutajua tumedanganywa ingawa hatuna hati ya kumsuta mwandishi.

Shaaban Robert alilielewa jambo hili kabla yetu. Kusadikika, kitabu chake cha mwaka 1951, chaeleza nchi inayoelea hewani. Hakuna kioo kinachoweza kuakisi nchi ya namna hiyo, kwa kuwa haipo. Lakini wasomaji waliokuwa chini ya ukoloni hawakusumbuka kuitafuta katika ramani, na jina lenyewe lawadokeza: ni nchi inayoweza kusadikiwa, wala si nchi inayoweza kuonwa. Baada yake tuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Hiyo ilikuwa karibu mno na maisha ya watu, na ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Sidhani kwamba aliyeipiga marufuku aliamini kuwa mambo yale hayatokei. Uhalisi wake haukubishaniwa. Kilichogomba ni kule kusemwa. Kama ukweli na uhalisi vingekuwa kitu kimoja, mambo yanayotokea kila siku yasingekuwa na haja ya kukatazwa kuandikwa.

Sasa nihofie upande wa pili, kwa kuwa najua wapo wenzangu watakaofurahi wakidhani nimefika wanakotaka. Katika semina zetu umezuka msemo wa kwamba "kila mtu na ukweli wake". Husemwa kwa tabasamu, kana kwamba ni ukarimu. Mimi nauona kuwa ni uvivu, na ni uvivu wa hatari. Ukweli ukishakuwa mali ya kila mmoja peke yake, hakuna tena wa kumwuliza mwenzake, na mwenye nguvu ndiye atakayeandikiwa wake.

Nitoe mfano wa huku kwetu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kila aliyedai ardhi alitakiwa apeleke dai lake, na ardhi isiyothibitishiwa mwenyewe ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Watu walioishi mahali vizazi kwa vizazi, wakazika wafu wao hapo na kupanda minazi yao, wakiimiliki ardhi kwa pamoja kwa desturi zisizoandikwa, waliondoka mikono mitupu. Kuishi kwao kulikuwa halisi. Penye karatasi hakukuwa na lolote. Mombasa hadi leo tunazo nyumba ambazo mwenye nyumba ni mmoja na mwenye kiwanja ni mwingine, na mtoto wa mjini hukua akijua kwamba ukuta ni wa baba lakini mchanga chini yake si wake. Nenda ukamwambie mtu huyo kwamba kila mtu na ukweli wake. Yeye anachotaka ni ukweli mmoja unaolingana na yaliyotokea, na mtu wa kuwajibika nao.

Neno hilo, kuwajibika, ndilo ninalolitafuta tangu nilipoanza, na mfano wake mkubwa katika fasihi yetu umetoka mitaa ya hapa hapa. Mwaka 1968, chama cha KPU kilipokuwa kikibanwa na serikali ya KANU, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1946, aliandika karatasi iliyosambazwa ikiwa na jina "Kenya: Twendapi?" Kwa ajili yake alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Kosa lilikuwa uchochezi. Sheria ya uchochezi ya wakati ule, ambayo Kenya iliifuta mwaka 1997, haikushughulika sana na kama aliyoyasema mshtakiwa ni kweli. Ilishughulika na nia yake na athari ya maneno yake kwa serikali. Na jina la karatasi yenyewe ni swali. Swali haliwi kweli wala uongo, haliakisi chochote. Laelekeza kidole tu penye uhalisi ambao kila mtu aliuona na hakuna aliyetaka kuwa msemaji wake.

Mashairi aliyoyatunga gerezani, yakiandikwa kwa siri kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Wahakiki wengi huisimulia kadhia hii kama kichekesho, nami nacheka. Lakini itazameni tena. Uhalisi wa Kenya ya 1968 ulikuwa mmoja kwa aliyenyamaza na kwa aliyesema. Aliyenyamaza hakusema uongo wowote. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikubali kuulizwa. Tukiandika katika mitihani kwamba Sauti ya Dhiki "inaakisi uhalisia wa kisiasa wa baada ya uhuru", tunamlinganisha mtu aliyelala korokoroni na kioo cha kinyozi. Kioo hakifungwi.

Ndiyo maana ninapendekeza kwa wanachama wenzangu jambo dogo. Tunapohakiki kazi na kutaka kuisifu kwa ukweli wake, tusikimbilie kulinganisha matukio ya kitabuni na matukio ya magazetini. Tuulize kazi hii inadai nini, nani anayedai, amekipata wapi, na amejiweka wapi kwa kukidai. Wapo watakaosema kwamba huku ni kumrudisha mwandishi mlangoni baada ya nadharia za kisasa kumzika. Huenda. Nadharia hizo nazisoma na nyingine nazipenda, ila naona zilizaliwa mahali ambapo mwandishi aliweza kufa kwa istiara. Huku kwetu wapo waliokuwa wakihesabiwa asubuhi na askari jela.

Nimeirudia sura ya tatu. Kati ya zile mara 41 nimebakisha 9 ambazo kwa hakika nazungumzia mkondo wa uhalisia, na nyingine nimezifuta au kuzibadili. Zimebaki sentensi mbili ambazo sijui la kuzifanya. Kila nikiandika "ukweli" naona nadai zaidi ya ninachoweza kukibeba, na nikiandika "uhalisi" naona nakimbia. Nitampelekea msimamizi hivyo hivyo.

Juzi nyanya aliniuliza kama nimeiandika ile habari ya jina la Makadara. Nikamwambia nimeiandika, na kwamba nimesema nimeisikia kwake, naye kwa mamake. Akataka nimsomee. Nilipofika mahali hapo akanikatiza: "Na mama naye aliipata kwa nyanya yake mzaa baba. Huyo mbona hukumtia?" Nikachukua kalamu nikamtia.